Jino la Tatu la Plagi

Orpha Teague alikuwa akimenya viazi aliposikia msumeno wa umeme wa mumewe ukinguruma bila kukata kitu. Mbao ikiingia, msumeno hulia. Huu ulikuwa ukivuma tu, mvumo mmoja, hauishi.

"Delmer!" aliita. Kimya.

Mvua ilikuwa imenyesha kutwa kucha katika milima ile ya Kentucky, na sakafu ya karakana ililowa chepechepe. Alimkuta Delmer amesimama wima kama mti, mkono umeganda kwenye meza ya chuma ya msumeno, meno yamekazana, macho yamemtoka. Orpha alinyoosha mkono amvute, kisha akaurudisha. Baba yake alikuwa mchimba makaa. Alimfundisha tangu utotoni kwamba aliyenaswa na umeme hashikwi. Akageuka, akakimbilia barazani waya ulikochomekwa, akauchomoa.

Aliporudi, Delmer alikuwa chini, akihema.

Hospitalini walimruhusu kurudi nyumbani, ila vidole viwili vilibaki na ganzi. Wanda, binti wa dada yake Delmer, ambaye ni fundi umeme, alikuja akaiokota plagi ya msumeno.

"Mjomba, jino la tatu liko wapi?"

"Nililikata. Soketi ya barazani ina matundu mawili."

"Basi ulikata uhai wako! Hilo ndilo la waya wa ethi. Umeme ukivuja kwenye chuma, unapita humo kwenda ardhini badala ya kupita mwilini mwako. Kanuni inataka ethi, na soketi ya karakana iwe na swichi ya kinga, inayojikata yenyewe umeme ukivuja."

"Nimefanya hivyo tangu sijaoa, binti."

"Na kaburi lilikusubiri tangu hujaoa," Orpha akadakia.

Wanda akavuta laini mpya hadi karakana, akafunga swichi ya kinga, akaweka plagi ya meno matatu kwenye msumeno. Ulipowashwa tu, tap! swichi ikakata. Akajaribu tena, tap!

"Mota imeoza ndani, Mjomba. Huu ni wa kutupa."

Delmer akaukumbatia kwa macho. Ulikuwa wa marehemu baba yake. "Utakaa tu pale kona," akasema.

Orpha hakupata usingizi mwema tangu hapo. Soketi ya barazani bado ilikuwapo, na mumewe alikuwa mbishi kuliko nyumbu. Kila alipotoka kwenda kanisani alirudi mbio, roho mkononi, akihofia atakachokikuta. Siku moja akamkuta ameinamia waya wa msumeno ule, koleo mkononi, analipima jino la tatu. Alimpokonya koleo, akaukata waya kwenye shina lake.

"Mwanamke, umenikata mkono!"

"Afadhali waya kuliko roho yako. Mimi sikuzaliwa kukuzika kwa ubishi wako."

Maharage na mkate wa mahindi vililiwa jioni hiyo. Mwishowe Delmer akanong'ona, "Naogopa, Orpha. Nikikigusa chuma, mkono wenyewe unakataa. Nilidhani nikitumia ule wa baba, hofu itaondoka."

Walinunua msumeno mwingine. Asubuhi ya kuujaribu, Delmer alisimama mbele ya msumeno, jasho likimtoka.

"Simama karibu na soketi," akamwambia mkewe. "Ukiniona nimekaa kimya, chomoa."

"Basi usinyamaze. Imba."

Akaanza wimbo wa kanisani, sauti ikipasuka, kidole chenye ganzi kikitafuta swichi. Orpha aliishika plagi kwa nguvu zote, hathubutu hata kupepesa macho.