Hakufa Maji

Baada ya miaka miwili ya kuandika barua na kusubiri, karani mmoja wa Nairobi alinipa nakala ya ukurasa mmoja wa kumbukumbu za jeshi. Nimerudi nao Isiolo, na tangu hapo sijatulia. Nachemsha chai, nainuka kabla sijainywa.

Wewe uliyekulia mtaani kwetu Chechelesi unaikumbuka harufu ya nyumba zetu: moshi wa vibuyu, maana nyanya alivifukiza kila asubuhi kabla ya kutia maziwa. Kaka yake alichukuliwa jeshini wakati wa vita vya Wazungu, akapelekwa Burma, hakuonekana tena. Nyanya hakukubali asomewe dua ya marehemu. Mbuzi wa kaka huyo walipozaa, sisi watoto tuliambiwa, “Hawa msiwaguse. Mwenyewe yuko njiani.”

Kila Ijumaa nilipeleka kibuyu kwa jirani, mzee aliyeondoka na kaka yake nyanya kwenye lori moja, akarudi peke yake. Alipokea maziwa kwa mikono miwili, bila kunitazama usoni. Siku moja, nikiwa darasa la tano, nilimwuliza kuhusu mwenzake.

“Umetumwa na nyanya yako?”

“Hapana, babu. Nauliza mwenyewe.”

Alikiweka kibuyu chini. “Tulikuwa tunavuka mto. Alinishika mkono, maji yakatuvuta, nikamwachilia. Usimwambie nyanya yako. Nakunywa maziwa yake kila wiki.”

Sikumwambia. Mzee akafariki, na nyanya akamfuata, bado akimngoja kaka yake.

Sasa ukurasa huu unasema kaka yake nyanya aliopolewa mbali kidogo, akalazwa hospitali ya jeshi, akafa kwa malaria majuma matano baadaye. Hakufa maji. Ningesema siku ile, pengine mwalimu wetu, aliyezoea kuwaandikia watu barua za serikali, angeulizia, nao wazee wangeujua ukweli wakiwa hai. Pengine hangejibiwa. Lakini hilo ndilo linaloniinua kitini.

Jana nilimwendea binti yake yule mzee, anayeuza nguo sokoni. Tuliamkiana, nikamsomea. Alikunja leso ileile mara tatu.

“Baba hakutaka tukaribie mto Ewaso Nyiro,” alisema. “Ndugu yangu alipoingia kuogelea, alimchapa, kisha akaketi mchangani akalia. Sisi tulidhani ni ukali wa jeshi tu.”

Hakuniuliza kwa nini nilinyamaza miaka yote. Natamani angeuliza.

Boma la nyanya sasa ni nyumba za kupanga, na wapangaji hawajui mbuzi wa nani walilala pale. Mbuzi wenyewe walimalizwa na ukame. Waliostahili kuusikia ukurasa huu wameuacha mikononi mwangu. Nimewapigia jamaa zetu wa kijiji cha Korbesa simu waje kwa dua. Wameuliza ni dua ya nani, na nimeshindwa kutaja jina moja tu kati ya wale watatu.