Lugha Aliyoiacha na Meno ya Utoto

Mama Rasta hakuwa mtu wa kutulia, saluni nzima ilijua, lakini asubuhi ile alizidi. Alifumua msuko mmoja mara mbili, akaangusha kitana, akaenda dirishani, akarudi. Mteja alivumilia mpaka akachoka.

"Dada, leo unanisuka au unanitoa roho?"

"Nisamehe. Nina mawazo."

Mawazo yenyewe yalikuwa baba yake. Shangazi alikuwa amepiga simu: hali mbaya, hatambui mtu, Kiswahili kimemtoka kabisa, amebaki na lugha ya kwao tu. "Kama unataka kumwona, njoo sasa."

Njoo, rahisi kusema! Mama Rasta aliishi na baba yake mpaka alipofika miaka sita. Kisha baba alioa mke wa pili, mama akafunga nguo zao kwenye shuka, wakaondoka, na lugha ya baba ikapigwa marufuku. "Lugha ya mtu aliyetutupa siitaki nyumbani mwangu," mama alisema, na neno la mama lilikuwa neno. Basi ile lugha ikaishia palepale. Mama Rasta aliweza kuomba maji, kusema ana usingizi, kushtaki kwamba amefinywa. Zaidi ya vijineno vya kitoto kama hivyo, kapa. Wateja wakimuuliza kwao ni wapi, alicheka: "Kwetu ni nyuma ya hiki kiti!" Nao wakacheka, yakaisha. Kwake hayakuisha.

Sasa alikuwa na hofu moja: afungue mdomo kule, waseme huyu si wetu. Alisuka mistari miwili zaidi, akashindwa. Alimkabidhi mwenzake kile kichwa kilichosukwa nusu, akachukua mkoba, akatoka bila hata kuvua aproni.

Chumbani kwa baba, watoto wa mke wa pili walikuwa wamejipanga ukutani. Walimsalimu kwa lugha yao, mbiombio. Akajibu alivyoweza.

"He! Mtu mzima anaongea kama chekechea," kitinda mimba akasema kwa Kiswahili, ili asikie vizuri. Wenzake wakaficha vicheko viganjani. Watu bwana! Mgonjwa yuko mahututi, wao wanapima matamshi.

Iliuma. Mama Rasta alishika mkoba ajiondokee, shangazi akamdaka mkono. "Hukuwafuata hao. Umemfuata nani?"

Akasogea kitandani. Njia nzima alikuwa ametunga maneno makali: kwa nini hukututafuta, ulilalaje, ulikulaje? Hakuwa na hata moja la hayo kwa lugha ya mzee. Alitafuta, akatafuta, akatoa alichokuwa nacho.

"Baba, nimerudi. Nimechoka. Nibebe."

Kitinda mimba akaguna. Lakini mzee, ambaye kwa wiki nzima hakuwa amegeuka kwa sauti ya yeyote kati yao, aligeuza shingo. Macho yakamtafuta binti, hayakumtafuta juu alikosimama. Yalimtafuta chini, usawa wa godoro.

"Wewe," akasema kwa lugha yake, kwa ukali uleule wa zamani. "Saa hizi ndiyo unatoka kucheza? Mama yako kakutafuta mpaka kachoka. Miguu umeosha?"

Ukutani hakucheka mtu. Mama Rasta, bibi wa wajukuu wanne, akapiga magoti pale chini mpaka macho yao yakakutana.

"Bado, Baba," akajibu, akaanza kuvua viatu.