Jina Ambalo Sikuliandika

Cheka kwanza umalize, kisha nisikilize. Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu, katika shule moja ya bweni upande wa Khwisero. Mimi ni fundi wa kompyuta. Katika kazi yangu kitu kikikataa kuna sababu, na sababu hutafutwa mpaka ipatikane. Hivyo ndivyo nilivyoamini mpaka siku ile.

Wakati huo nyumbani kwangu, hapa Kakamega mjini, hakuna aliyekuwa akilala. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa analia tangu azaliwe. Daktari alimpima akasema ni mzima. Mama yangu alipokuja kutoka kijijini alimtazama mara moja tu akasema, "Mtoto halianga bure. Huyu anaitisha jina."

Kwetu Waluhya mtoto akilia hivyo, wazee huita majina ya waliokufa, mmoja mmoja, na jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Mama aliita babu, akaita wajomba, akaita hata wale ambao juu ya makaburi yao sasa pamelimwa mahindi. Mtoto alizidi kulia. Jina moja tu halikutajwa, na sote tulijua ni lipi. Ndugu yangu Ambani alipigwa na radi akiwa juu ya paa, akifunga waya wa intaneti. Kwetu aliyechukuliwa na radi haitwi. Ukimwita, wasema wazee, atakuja na kilichomchukua.

Sasa sikiliza. Radi hizi zetu za Kakamega, zisizochoka, zilikuwa zimeunguza diski ya seva ya ile shule. Nikaenda kuweka diski mpya na mfumo mpya wa kuiendesha. Mashine ile haina skrini. Unachomeka kebo kutoka kwenye laptopu yako, mnazungumza kwa maandishi. Mfumo ukaingia vizuri. Nikaiwasha upya, ikaniuliza jina. Nikaandika langu, na neno la siri. Ikakataa.

Nilicheka kidogo, maana hayo ni ya kila siku. Nikakagua herufi kubwa na ndogo. Nikalinganisha kasi ya mawasiliano pande zote mbili za kebo, kwa sababu zikitofautiana maandishi huvurugika. Nikaiwasha kwa flashi, nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikabadilisha neno la siri. Ikakataa tena. Nikajaribu jina la msimamizi mkuu, nalo likakataliwa. Nje mvua ya mawe ilianza kugonga mabati, na ofisi ikawa giza. Karani wa shule, aliyekuwa akinisubiri, akasema, "Fundi, hii mashine iko na mwenyewe." Akatoka kwenda kufunga madirisha.

Niamini, mikono yangu ilikuwa mapajani. Mashine iliuliza jina kwa mara nyingine, kisha herufi zikaanza kutokea zenyewe, polepole, kama za mtu anayeandika kwa kidole kimoja. A, m, b, a, n, i. Ndugu yangu hakuwahi kujifunza kuandika haraka; alikuwa akidonoa hivyo hivyo, kwa kidole kimoja. Ndiye aliyeisimika seva hiyo zamani, lakini diski yake nilikuwa nimeitoa kwa mikono yangu, imo ndani ya begi langu. Hii mpya ingemjulia wapi?

Kwa nini sikuchomoa kebo? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Nilikuwa na usingizi wa siku nyingi, nilimkumbuka ndugu yangu, na fundi akiona mlango huujaribu. Mashine ikaomba neno la siri. Nikaandika lile langu lililokataliwa mchana kutwa, nikabonyeza. Ikafunguka.

Radi ikapiga karibu sana, na papo hapo simu yangu ikalia. Alikuwa mke wangu, anacheka huku analia. "Amenyamaza! Skia vile kumetulia!"

"Mmemwita nani?"

"Hatujaita mtu. Mama bado ako jikoni."

Nikasikia simu ikichukuliwa. Mama hakunisalimu. "Wewe," alisema, "umeita nani huko?"

Nikakata simu. Baadaye nilitafuta jina la Ambani ndani ya mashine ile, kila pembe. Halikuwemo.

Sasa mwanangu ana miaka mitatu, na jina lake ni Ambani; jingine hakulikubali. Tangu siku ile hajalia tena. Aliwahi kumwagikiwa na uji wa moto, ngozi ikabambuka mguuni, akatutazama tu. Mama yangu hajambeba hata siku moja. Namwogopa mwanangu, na inaniuma kulisema.

Basi wewe fundi mwenzangu, mashine ikikukataa, kagua kebo, kagua kasi, weka mfumo upya ukitaka. Lakini ikikuandikia jina la marehemu, chomoa, nenda zako nyumbani, na kazi iharibike.

Mawingu yakianza kukusanyika mchana, yeye huenda mlangoni akasimama, akitazama juu ya paa. Mke wangu hufunga komeo la juu, ambalo mkono wa mtoto haulifikii. Juzi tulimkuta amevuta kiti mpaka mlangoni.