Maua Meupe ya Nesi Veronika

Harufu ya udongo mbichi uliokandwa na samadi ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba yetu kule nilikozaliwa, nje ya Natta, kabla ya kuhamishiwa kijiji cha ujamaa. Kila baada ya mavuno mama alikandika kuta upya, kisha akachora kuzunguka mlango maua meupe, yale yanayochomoza kwenye mbuga ya udongo mweusi mvua za kwanza zikinyesha. Wanawake wa ng'ambo ya mto walikuja kuyatazama, wakaondoka wakinuna kwa wivu. Halafu tukahama. Kijijini tulipewa nyumba moja katika mstari mrefu, kuta zake zimekandikwa harakaharaka na watu tusiowajua. Mwaka ule mama hakugusa ukuta, wala uliofuata. Baba akimwuliza, alijibu, "Mimi hapa ni mgeni tu." Moyo wangu haukutulia. Kwetu mwanamke asiyekandika nyumba yake yuko mguu nje, siku yoyote atafunga mzigo arudi kwao, na majirani walishaanza kulisema hilo kisimani kana kwamba mimi sina masikio.

Nesi Veronika wa zahanati, mwanamke wa Bukoba mwenye maneno mengi na mikono laini, ndiye aliyemzalisha mama alipojifungua mdogo wangu, Marwa, kwenye ile nyumba ya zamani. Alipopata uhamisho alikuja kwetu na kibati cha rangi za maji na karatasi moja nene, alivyoachiwa na mzungu wa misheni. "Mama Ghati," alimwambia mama, "nichoree yale maua ya mlangoni kwako. Siku ile ya Marwa niliyapenda, na huko niendako sitayaona. Nitakupa kitenge." Mama akajibu, "Kitenge kaa nacho. Niachie karatasi."

Aliilaza karatasi juu ya ungo uliopinduliwa, akaweka pembeni brashi ya nesi, akatafuna ncha ya kijiti mpaka ikawa nyuzinyuzi. Mimi nilishika bakuli la maji na kujiona mtu mkubwa. Alianza kama alivyoanza ukuta siku zote: akapaka wekundu kama wa udongo karatasi nzima, kona hadi kona, akaacha ikauke. Kwetu nyeupe huja mwisho, juu ya yote. Kisha akarudi kwenye kibati kutafuta nyeupe. Kulikuwa na nyekundu, buluu, kijani, manjano, hudhurungi na nyeusi. Alivigeuza vile vidonge vya rangi kimoja kimoja, akaangalia mpaka chini ya kifuniko. "Kumbe nyeupe yao ni karatasi yenyewe," akasema polepole, "na mimi nimeshaifunika." Karatasi nyingine haikuwapo, na lori la nesi lilikuwa linaondoka wiki ileile. Nilitamani kulia kwa niaba yake.

Asubuhi alichukua jembe na kikapu, akaniambia nimfuate. Sikuamini njia tuliyoishika, maana alikuwa ameapa kwamba hatakanyaga tena kule kwenye mahame yetu. Mvua zilikuwa zimekwisha kuila nyumba; magugu yalisimama chumbani nilikolala. Mama alikaa juu ya jiwe la kusagia lililoachwa, akalia kwa sauti, bila kunificha, na mimi nikalia kwa kuwa yeye analia. Alipomaliza alijifuta kwa kanga, tukateremka mtoni kwenye ule udongo mweupe aliochorea maua yake siku zote. Kwa picha moja kijiko kingetosha. Yeye akajaza kikapu mpaka mshikio ukalalamika, nami nikafungiwa udongo mwingine kwenye shuka.

Alilainisha kidogo, akachanganya na utomvu wa mgunga ili ushike, akayachora maua juu ya ule wekundu. Yalisimama kama yametoka ardhini dakika ileile. Nesi aliyagusa, akatazama unga mweupe kidoleni, akacheka: "Haya nitayabeba mapajani, Mama Ghati, siyatii sandukuni." Akaondoka nayo, na sikujua tena habari zake.

Siku chache baadaye baba alirudi kutoka shamba la kijiji, akakuta mlango umezungukwa na maua, na mama ana udongo mpaka viwikoni. Alitua jembe lililokuwa begani. Kisha akasema, "Basi tumehamia."

Leo naishi Mugumu, kwenye nyumba ya tofali za saruji. Rangi yake nilinunua dukani, fundi akaipaka siku moja akaenda zake. Ni nyumba nzuri, haivuji, na sitaki kurudi kwenye udongo. Nani anataka kubeba samadi kila mwaka? Ila wageni wakiisifu huwa naitikia tu, kama inayosifiwa ni ya jirani. Nimekaa humu miaka mingi, na mkono wangu haujawahi kugusa ukuta wake hata mmoja.