Shimo la Mawe ya Kijani

Baba alikuwa mchimba vyoo. Nalisema wazi sasa kwa sababu kwa miaka mingi niliwaambia wenzangu chuoni kwamba ni mkulima, jambo ambalo pia lilikuwa kweli, maana alikuwa na miraa yake kama watu wengi wa kwetu Tigania. Lakini kilichomjulisha kwa watu kutoka Kianjai hadi Mikinduri kilikuwa mashimo. Alishuka futi arobaini akikata vidato vya kukanyagia ukutani kwa sururu fupi, huku kaka yake, baba yangu mkubwa, akibaki juu kuvuta ndoo kwa kamba. Kila asubuhi kabla ya kushuka aligonga ukuta wa shimo kwa mpini na kusikiliza. Alisema ukuta mzima una sauti yake na ukuta unaotaka kuachia una yake. Mimi nilijaribu mara nyingi na sikuwahi kusikia tofauti yoyote.

Alikuwa na sheria moja: shimo halichimbwi wakati wa mvua. Mawingu yakianza kushuka kutoka Nyambene alipanda juu, akafunika mdomo wa shimo kwa mabati na mawe, akaenda kupalilia. Mwenye choo alalamike, atukane, atume mke wake, baba hakurudi mpaka ardhi ikauke.

Mimi nilisomea mawe. Ninafanya kazi katika maabara ya chuo kimoja jijini Nairobi, na kazi yenyewe ni kupima kemia ya madini yaliyotoka chini sana ya ardhi. Ukijua ndani ya chembe kuna chuma kiasi gani, magnesi kiasi gani na kalsiamu kiasi gani, unaweza kusema jiwe hilo lilikaa katika kina gani na lilipikwa kwa joto gani kabla ya kuletwa juu. Na kwetu yapo mawe ya aina hiyo. Vilima vya Nyambene ni volkano zilizozimika juzi tu kwa hesabu ya mawe, na zilipokuwa zikitapika zilibeba vipande vya mwamba wa chini, vya kijani kama embe bichi, vikaganda ndani ya jiwe jeusi. Utotoni tulivikuta kwenye kokoto tukavitupia ndege. Hakuna aliyewahi kuuliza ni vitu gani.

Krismasi ya mwaka nilioanza shahada ya pili nilikuta baba amegonga jiwe jeusi akichimba choo kipya cha nyumbani, na kando ya shimo kulikuwa na rundo lenye mabonge ya kijani makubwa kama ngumi. Nilisahau hata kusalimu watu vizuri. Nilipasua moja, nikalilamba ili rangi zionekane, kama tunavyofanya sisi watu wa mawe, na baba na kaka yake wakanitazama kama mtu aliyerudi na ugonjwa. Mama alikuwa ameketi karibu na jikoni akipepeta ndengu.

"Sasa wewe umesoma mpaka unakula mawe," alisema baba mkubwa.

Nikaanza kuwafundisha. Mungu anisamehe, nilipenda kufundisha. Niliwaambia kwamba jiwe hilo halikuzaliwa hapa juu, kwamba limetoka kilomita hamsini kwenda chini, mahali ambapo hakuna shimo la binadamu lililowahi kufika. Baba alilipokea akaligeuzageuza mkononi. Mtu aliyekuwa akishuka futi arobaini na kuonekana shujaa alikuwa ameshika kitu kilichopanda kutoka huko.

"Hii mawe imetoka chini hivyo? Huko chini kuna nini ingine?"

"Huko chini ndiko almasi hutoka, baba."

Hiyo ndiyo sentensi. Nimeirudia kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote. Nilijua nilichopaswa kuongeza: kwamba almasi hutoka chini zaidi, zaidi ya kilomita mia moja, na si chini ya kila mahali. Hupenda kukaa chini ya nchi kongwe zilizopoa, zenye mizizi minene. Chini yetu ni moto na ni kupya, na hakuna almasi na haitakuwepo. Sikuongeza. Baba aliniuliza kama nimewahi kuiona almasi kwa macho yangu, nami nikamjibu, "Kazini naziona kila siku." Nilimaanisha vumbi la almasi za kiwandani lililobandikwa kwenye ukingo wa msumeno wetu wa kukatia mawe. Hilo pia sikulisema, kwa sababu alikuwa akinitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama hata siku niliyofaulu mtihani.

Mama, ambaye alizaliwa Mbeere, alisema bila kuinua uso kutoka kwenye ungo, "Kwetu mawe ni mengi na ni mazee kuliko haya. Sijaona mtu ameyapika."

Siku mbili baada ya mwaka mpya, baba na kaka yake walikuja asubuhi mpaka kwenye chumba changu, wamevaa makoti, na baba mkubwa alikuwa na kitita cha miraa kilichofungwa kwa jani la mgomba. Kwetu kitita cha namna hiyo si zawadi. Ni ombi. Ndicho kinachopelekwa kwa wazazi wa msichana, na kwa wazee mtu anapotaka neno lake lisikizwe. Ukikataa kukipokea umekataa neno. Ukikipokea na kutafuna, umekubali, na hutageuka baadaye useme hukuelewa.

Neno lao lilikuwa hili: chini ya miraa ya babu jiwe jeusi liko karibu, je, wachimbe hapo watafute almasi? Walitaka msomi wao aseme.

Ningependa kuandika hapa kwamba nilisahau maana ya kitita kwa kukaa sana mjini. Sikusahau. Niliketi kitandani nikawaza juu ya mawe yangu. Vipande vya juu ya ardhi vilikuwa vimeoza kwa mvua na jua, na kemia ya jiwe lililooza haina ukweli. Nilihitaji mawe mabichi, ya chini, na chuo hakikuwa na mashine ya kuyachimba. Na mbele yangu alisimama mchimbaji bora kuliko wote Tigania nzima, akiniomba ruhusa. Nilifungua jani, nikachomoa kijiti kimoja, nikamenya ganda kwa meno na kutafuna. Baba mkubwa alicheka kwa furaha. Baba hakucheka, aliniangalia tu, kisha akachukua kijiti chake.

Waling'oa miti miwili ya miraa aliyoipanda babu, miti yenye vigogo vinene vilivyojaa mafundo. Mama hakutoka nyumbani siku hiyo.

Tangu Januari mawe yalianza kunifikia Nairobi, yakisafiri pamoja na magunia ya miraa, kila jiwe limefungwa kwa jani la mgomba kana kwamba lingenyauka. Kila mzigo ulikuwa bora kuliko uliotangulia. Baba alipiga simu kila Jumapili baada ya kanisa.

"Tumekaribia?"

"Bado kidogo, baba. Endeleeni."

Nilisema hivyo Jumapili nyingi. Uongo wa kwanza ndio uliokuwa mgumu, na baada ya hapo ulimi ulizoea.

Mwezi wa tatu msimamizi wangu chuoni aliniambia sampuli hazitoshi, na kwamba nisipopata nyingine mbichi kabla ya Mei nitapoteza zamu yangu kwenye mashine ya kupimia na kungoja mwaka mzima. Mvua ilikuwa imeshaanza. Nilijua imeanza, maana hata Nairobi barabara zilikuwa zimejaa maji. Nilimpigia baba simu siku ya kazi, jambo ambalo sikuwa nikilifanya.

"Baba, ningeomba mawe mengine kumi. Ya chini kabisa. Kabla ya mwezi wa tano."

Nilisikia mvua ikipiga bati upande wake.

"Huku kumenyesha," alisema.

"Najua, baba."

"Haya basi, msomi."

Mengine niliambiwa na baba mkubwa. Baba alingoja siku tatu bila mvua. Siku ya nne alitoa mabati, akagonga ukuta, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko kawaida, akashuka. Ndoo tatu zilipanda. Ya nne ilikuwa imefungwa kwenye kamba wakati ukuta ulipoachia. Haukuachia kwenye jiwe. Uliachia kwenye tabaka la majivu lililo katikati ya jiwe na jiwe, majivu ya volkano ambayo yakiwa makavu husimama na yakilowa huwa kama unga. Tabaka hilo nilikuwa nimelichora mwenyewe kwenye daftari langu Januari, lilipoonekana shimoni kabla sijarudi Nairobi, kwa penseli, na kuliandikia unene wake. Sikumwambia baba, kwa kuwa sikufikiri linamhusu.

Majirani walichimba mpaka saa sita mchana ya kesho yake. Viganja vya baba mkubwa vilikuwa vimechunwa na kamba, kwa kuwa hakuiachia hata ilipokuwa haina maana tena kuishika.

Tulimzika palepale nyumbani, bomani mwetu. Vijana waliochimba kaburi walikuwa hodari, lakini hakuna aliyegonga ukuta, na mimi nilisimama pale nikikasirika juu ya jambo hilo kana kwamba ndilo kosa lililofanyika. Baada ya mazishi baba mkubwa alinipa kitu kilichofungwa kwa jani la mgomba. Kilikuwa kwenye mfuko wa koti la baba walipomtoa. Nilikifungua garini, tulipopita Meru. Lilikuwa bonge la kijani safi kabisa, halina hata doa la kutu, chembe zake ziking'aa kama sukari. Niliona uzuri wake kabla ya kuona kitu kingine chochote. Najichukia kwa hilo mpaka leo.

Nililikata kwa ule msumeno. Maji yalitiririka juu ya jiwe, ukingo wenye vumbi la almasi ukaingia taratibu, na tope la kijani likashuka kwenye sinki. Nililia, lakini mkono ulitulia, maana msumeno ukiyumba sampuli inaharibika. Lilikuwa jiwe bora kuliko yote niliyowahi kupima. Namba zilikaa sawasawa, joto na kina vikasomeka bila shaka, na nikapata shahada yangu. Kwenye ukurasa wa shukrani niliandika "wenyeji walionisaidia kukusanya sampuli."

Mwaka uliofuata nilirudi nyumbani kwa kumbukumbu ya kifo chake. Asubuhi, watu walipokuwa bado hawajafika, baba mkubwa alikuja akiwa amevaa koti, na mkononi alikuwa na kitita kilichofungwa kwa jani la mgomba. Akakiweka mezani mbele yangu.

"Ninataka kufungua lile shimo," alisema. "Ndugu yangu asikufe bure. Tuambie kama tuchimbe."

Nilijua nikipokea ataingia shimoni, na nikikataa itabidi niseme kwa nini nilipokea mara ya kwanza. Nilikisukuma kile kitita kikarudi upande wake.

"Hakuna almasi, baba mkubwa. Haijawahi kuwepo. Nilijua tangu siku ile ya kwanza. Nilitaka mawe ya masomo yangu."

Nilingoja anipige. Ana nguvu bado, na ningekaa nipigwe. Lakini alikivuta kitita na kukaza kamba yake ya mgomba taratibu, kwa vile viganja vyenye makovu.

"Sitachimba," alisema. "Nilikuwa nataka kuona kama utapokea tena."

Akakiweka kitita kando.

"Ndugu yangu alijua. Mwezi wa pili aliniambia hii kitu hakuna. Alisema mtu akiona almasi kweli hawezi kungojea Jumapili ndio aulizwe, atakuja mbio. Nikamuuliza, sasa sisi tunashuka huko kufanya nini? Akaniambia, kijana hajamaliza shule."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa ndengu. Alisikia yote, nami nilimtazama usoni nikitafuta mshangao na sikuuona. Aligeuka akarudi jikoni, kwa kuwa wageni walikuwa wameanza kuingia bomani na chakula kilikuwa bado.