Farasi wa Mwezi wa Tisa

Kuna asubuhi moja, mwanangu, naikumbuka mpaka harufu yake, ya majani makavu na dawa ya kuchua miguu ya farasi. Nilikuwa saisi katika zizi moja la farasi wa mbio hapa Riyadh, kijana mwenye maneno mengi, najiona kazi yote naijua. Leo mchana nimekusikia ukimfokea mdogo wako aliyefika Jeddah juzi. Sikukuingilia, simu ya mtu ni ya mtu. Lakini kaa hapa kidogo nikwambie langu.

Nilipewa kumtunza farasi jike aliyeletwa kutoka Ajentina. Mzuri, macho makubwa, mpole. Lakini mbio, mafi, hana! Tukimtoa na wenzake wa miaka mitatu, wao wanachanja mbuga, yeye anarudi nyuma kabisa, jasho mpaka masikioni, miguu inamtetemeka. Badala ya kumhurumia nikampa jina, nikamwita Bi Harusi. Kila siku nampelekea mkufunzi mashitaka: huyu mvivu, huyu anadeka, niondolee. Mkufunzi naye akachoka, akasema wiki ijayo anauzwa, halas.

Saisi mkuu wetu alikuwa Mzee Athumani, mtu wa Tanga, hasemi mara mbili. Aliyasikia hayo. Akaniita kwa kidole tu, akamfunua mdomo yule farasi wangu. "Unaona nini?"

"Meno," nikasema, huku nacheka.

Hakucheka. Akanipeleka kwa farasi wa pembeni, akamfunua naye. Huyu mbele alikuwa ameshaota meno mawili makubwa, ya utu uzima. Nikarudi kumtazama wangu. Vimeno vidogo vyeupe vya utotoni, vyote bado vipo.

"Si wote wana miaka mitatu?" nikauliza.

"Kwa karatasi," akasema. Akakaa juu ya ndoo, akanieleza taratibu. Upande huu wa kaskazini wa dunia, farasi wote wa mbio huongezewa mwaka siku moja, tarehe moja Januari, hata kama mmoja kazaliwa Februari na mwingine Mei. Ni desturi, ili wapangwe kwa rika bila ubishi. Lakini kule kusini majira yamegeuka, wao huzaliwa mwezi wa nane, wa tisa, wa kumi. Kwa hiyo siku yao ni nyingine: Ajentina ni tarehe moja ya mwezi wa saba, Australia ya mwezi wa nane. Farasi wangu alizaliwa mwezi wa tisa. Angebaki kwao, wangemhesabu bado wa miaka miwili. Kaletwa huku, Januari ikaingia, akaandikwa mitatu pamoja na waliozaliwa mwezi wa pili wa mwaka uleule.

"Wamemtangulia miezi saba, bwana mdogo. Kwa farasi wa umri huu hiyo ni mingi sana. Karatasi haina kosa, ina kazi yake. Wewe kila asubuhi unamtia lijamu, mdomo wake umo mikononi mwako, na hukuwahi kuangalia."

Wallahi hapo si farasi niliyemfikiria tena. Nilikuwa na dada yangu, Rehema, Jeddah, kazi za nyumbani. Wakala alipotaka msichana wa miaka ishirini na tano, mimi ndiye niliyesema mwandikeni ishirini na tano. Alikuwa na kumi na nane. Uongo ule niliutunga kwa mdomo huu, kisha, we fikiria, nikauamini! Akinipigia analia, nyumba ya ghorofa tatu, watoto wa madam wamemshinda, lile jiko hajui kuliwasha, mimi namkemea: wewe mtu mzima, wenzako wanawezaje? Acha kudeka. Na mwezi ule alikuwa ameacha kunipigia kabisa. Nami nikafurahi, nikidhani amekua.

Mzee Athumani alikwenda kwa mkufunzi, farasi akapumzishwa mpaka majira ya baridi yaliyofuata, akaja kukimbia vizuri tu. Mimi niliomba ruhusa nikapanda basi la Jeddah.

Madam wake alimpa ruhusa ya muda wa saa mbili, Ijumaa baada ya swala. Tukakaa katika hoteli ndogo Sharafiya, tukaagiza wali kwa kuku. Alikuwa amekonda, na alinisalimu kama anamsalimu bosi. Nikamsogezea sahani. Nikamuuliza, "Rehema, una miaka mingapi?"

Akanitazama. "Ya pasipoti au ya mama?"

"Ya mama."

"Kumi na tisa, mwezi ujao."

Nililia, mwanangu, mbele ya watu wanaokula. Nikamwomba radhi. Nikamwambia nakwenda kwa kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, nikaseme ukweli wote, arudi nyumbani. Akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Sijaomba kurudi, kaka. Kazi naizoea. Nilitaka tu awepo mtu mmoja huku anayejua kwamba mimi bado mdogo."

Tangu Ijumaa ile nikawa nampigia mimi, namsikiliza kwanza.

Basi nisikilize. Mpigie tena mdogo wako, na usianze na mawaidha. Muulize amekula nini, amelala vipi, ni kazi gani hawajamfundisha. Ikama yake, kile kibali cha kukaa huku, itasema umri itakaousema, ofisi lazima zipange watu. Lakini wewe uliyembeba mgongoni usimpime kwa umri wa ofisini, wala usimtie mbioni na waliomtangulia halafu ukamwita mvivu. Na katu usimwandikie mtu miaka asiyokuwa nayo, hata kama unamtafutia riziki, maana utakuja kumdai aiishi.

Mungu akulainishie ulimi, mwanangu. Amlinde mdogo wako katika nyumba ile, ampe wa kumwelekeza kwa upole, na siku ya kurudi awafikishe nyote wawili kwa mama yenu, wazima, mkiwa bado mnapendana.