Nilivyouonea Wivu Ukungu wa Mutuini

Kuna asubuhi moja ya Julai inayonirudia kila baridi ikianza, mwanangu, na nikikusimulia usicheke mapema. Ngoja nimalize, halafu ucheke utakavyo. Ulikuwa mwaka ule matatu zote zilipopakwa mstari wa manjano. Mimi na Baba Njeri tulikuwa tumepanga nyumba ya vyumba viwili huko Mutuini, pembeni mwa Nairobi, na Njeri ndio kwanza ameanza kutembea. Baba Njeri alikuwa karani katika ofisi moja ya Hurlingham. Mimi nilikuwa na mashine yangu ya kufuma masweta ya shule pale Riruta, na sikuwa na adui duniani ila mawazo yangu mwenyewe.

Nilikuwa na wivu. Nakwambia waziwazi kwa sababu hapa tuko wawili. Mwimbaji wa kwaya akimsalimia mume wangu kwa sauti tamu kidogo, chakula changu cha Jumapili hakishuki. Mwenye duka akimwongezea nyanya, nataka kujua kwa nini. Na mbaya zaidi, nilikuwa sisemi. Nilikuwa nanyamaza, nauma meno, na usiku najigeuza upande wa ukutani.

Basi Julai ile ikaja na vituko. Kila Jumamosi ambayo ukungu umeshuka, Baba Njeri anaamka gizani, anavaa polepole kama mwizi, anachukua begi jeusi, anatoka. Kama hakuna ukungu, analala mpaka chai. Hebu niambie, ni kazi gani hiyo inayoendewa kwa ukungu tu? Tena anavaa sweta ya buluu niliyomfumia kwa mikono yangu, ile ya kuendea kanisani. Anarudi amelowa kifuani, ana nyasi tumboni. Nyasi, mwanangu! Mwanamume mzima, baba wa mtoto, na nyasi tumboni. Halafu lile begi haingii nalo ndani. Analifungia kwanza kwenye stoo ya makaa kwa kufuli, linakaa huko mpaka wakati wa chakula cha mchana.

Mimi nikajiambia, hapa kuna mwanamke, na ndani ya begi kuna nguo za kubadilisha. Sikuuliza hata neno moja. Nilimpa chai yake bila kumwangalia.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa tayari. Nilimpeleka Njeri kwa jirani, nikajifunga shuka, nikamfuata. Ukungu una faida moja kwa mke mwenye wivu: unaweza kumfuata mtu karibu kabisa na asikuone. Nilikuwa nafuata mlio wa gambuti zake tu, kwap, kwap, kwenye matope kati ya sukuma wiki za watu na majani ya ng'ombe. Akaingia boma moja lililo ukingoni mwa bonde. Na hapo nikasikia sauti ya mwanamke.

"Umekuja! Leo imeshuka vizuri, hata choo yangu sioni."

Baba Njeri akacheka. Akacheka kile kicheko chake cha zamani, ambacho nyumbani kwangu kilikuwa kimeadimika. Nikaingia kwenye banda la ng'ombe, nikachuchumaa nyuma ya kihori, nikawa nalia na ng'ombe ananipumulia shingoni.

"Na wewe ni wa nani?"

Nilipoinua macho, mbele yangu alisimama bibi kizee ameshika ndoo ya kukamulia, kichwani kofia ya sufi, mdomoni meno ya kuhesabu. Sauti ilikuwa ile ile. Huyo ndiye mwanamke wangu niliyemlilia!

"Mimi ni Mama Njeri, shosho," nikasema. "Huyo mwanamume ni mzee wangu."

Akaniangalia toka juu mpaka chini. "Sasa mzee ni yako, na unajificha kwa ng'ombe yangu?"

Alinishika mkono akaniingiza ndani nipate moto. Na mwanangu, ukuta wa nyumba ile ulikuwa umejaa picha. Ukungu umelala bondeni na vichwa vya miti vimechomoza. Ng'ombe mweusi kwenye weupe. Uzio wa shosho ukianza vizuri halafu ukimezwa. Mume wangu alikuwa amejinunulia kamera, na mimi nilikuwa najulishwa na ukuta wa mtu mwingine.

"Zikishaoshwa kule tao mjini ananiletea," shosho akasema. "Alisema kwake hakuna mtu wa kuonyesha."

Hapo nikakumbuka. Miezi kadhaa nyuma alikuwa amenipa picha moja, akasimama mlangoni kusubiri nitasema nini. Nikamwambia, "Baba Njeri, hii filamu si iliungua? Mbona hakuna kitu?" Nikacheka mpaka mtoto naye akacheka. Mimi nilisahau jioni ile ile. Yeye hakusahau.

Najua unadhani nililainika. Wapi! Nilizidi kuwaka. Picha za mume wangu ziko kwa ukuta wa mwanamke mwingine, awe na meno au asiwe nayo. Nikatoka uani nimtafute, ukungu umeanza kurudi bondeni, nikamwona mahali bonde linapoanza kuteremka, amelala kifudifudi kwenye nyasi, leso mkononi, anapangusa kioo cha kamera kwa upole kama anampangusa mtoto pua. Halafu nikamsikia akiunong'oneza ukungu.

"Ngoja kidogo," alikuwa anasema. "Usiende. Ngoja tu kidogo."

Huyu ni mtu ambaye mimi nikifunga kitambaa Jumapili yeye ameshafika getini ananipigia kelele kwamba tumechelewa. Mimi haningoji nifunge kitambaa, lakini ukungu analala chini kuungoja. Nikauonea wivu ukungu, mwanangu. Ningemkuta na mwanamke ningejua pa kumshika. Ukungu utaushika wapi?

Shosho alikuwa amekuja nyuma yangu na kikombe cha chai. "Ulimwuliza huwa anaenda wapi?"

"Hapana."

"Umetembea na hii baridi yote, umelia kwa ng'ombe yangu, na hujauliza?" Akatikisa kichwa. "Sasa mtu atakujibu aje kitu hujamwuliza? Mzee wangu alikufa na mambo mingi sikumwuliza. Nilikuwa na kiburi. Nilikuwa nasema, kama ananipenda atajua. Hakujua. Enda uulize huyo wako kabla hajaamka hapo."

Maneno hayo yalinichoma, lakini sikutaka kumwuliza mtu aliyenipa kisogo. Nilitaka anione usoni. Nikashuka kwa njia ya chini, ile ya kwenda mtoni, nikageuka, nikaanza kumpandia kutoka ndani ya ukungu. Shuka lilikuwa limefunguka upande mmoja na linapepea. Nilikuwa sioni mbele wala nyuma, najua tu yuko huko juu.

Nikasikia kamera, ka-cha. Nikazidi kupanda. Ka-cha, tena, na tena. Nilipokaribia, akaishusha ile kamera taratibu.

"Mama Njeri?"

"Ni mimi! Kwani ulikuwa unangoja nani?"

"Mtu yeyote," akasema, bado amelala. "Ukungu peke yake haushiki picha. Inakuwa karatasi nyeupe tu. Lazima kitu cheusi kitokee ndani yake."

Nikammwagia yote pale pale, shosho akisikiliza juu na kikombe chake. Nikamuuliza habari ya sweta, ya nyasi, ya begi. Akanijibu kila kitu bila kukasirika. Sweta ndiyo iliyokuwa na joto kuliko zote. Begi hulifungia stoo kwa sababu kamera ikitoka baridini ikaingizwa ghafla kwenye joto la jiko, kioo hutokwa na jasho hata kwa ndani, na ikirudiarudia hivyo inaharibika.

"Na mbona hukuniambia?"

"Ungecheka."

Nilikaa kwenye nyasi zilizolowa, gauni na yote. Halafu nikasema neno ambalo sikuwa nimewahi kulitoa kinywani tangu anioe. Nikasema, "Nina wivu. Nina wivu na huu ukungu, na shosho pia. Wao unawangoja na mimi huningoji."

Kisha akasogea, akaniwekea kamera machoni, akanishika kidevu, akanionyesha pa kuangalia. Sikuona kitu. Lakini safari hii nilimwambia, "Sioni. Nionyeshe tena."

Filamu ilipooshwa, picha moja ilimpendeza mkubwa wao wa ofisi, ikatiwa fremu ikatundikwa mapokezi kule Hurlingham. Nilienda kuiona. Weupe mtupu, na katikati mwanamke mdogo mweusi anapanda, shuka linaruka, uso hauonekani. Msichana wa mapokezi akaniambia, "Mathe, hii picha huwa naiangalia kila siku." Na unajua nilihisi nini? Nilimwonea wivu yule mwanamke wa kwenye picha. Ndiyo, ni mimi, lakini mume wangu alimwangalia vile kabla hajajua ni nani.

Tulipotoka nikamwuliza Baba Njeri, maana siku hizo nilikuwa nimeshajifunza kuuliza. "Ulipokuwa unampiga picha yule mwanamke hukujua ni mimi. Ulikuwa unafikiria nini?"

"Nilikuwa naomba asirudi nyuma," akasema.

Sasa nisikilize, mwanangu. Umeniambia kwamba mume wako akienda kuoga unashika simu yake. Sikukatazi kuwa na wivu. Mimi wangu bado ninao, na huyo mzee anayekoroma chumbani anaujua. Lakini wivu una mdomo, usiufunge halafu ukatuma miguu. Ukitaka kujua jambo, mwulize mwenye jambo, mchana, mkiwa mmeshiba, kabla moyo wako haujajijibu wenyewe, kwa sababu moyo ukiachiwa kujijibu huchagua jibu baya kila mara. Ukiumia, sema umeumia, kwa jina lake, usiseme kichwa kinauma. Na mwenzako akikuletea kitu anachokipenda nawe usione chochote, usicheke. Mwambie akuonyeshe pa kuangalia. Huenda usione hata hivyo. Mimi nilichukua muda mrefu kuanza kuona, na mpaka leo kuna picha zake namsifia tu. Lakini hatakuwa na haja ya kutafuta ukuta wa mtu mwingine.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe kinywa cha kuuliza na moyo wa kumeza jibu. Aibariki nyumba yako, aibariki na kitanda chako na meza yako. Na siku utakayomwendea mume wako umejaa hasira, humwoni vizuri wala yeye hakuoni, Mungu amfanye aombe usirudi nyuma, nawe usirudi.